Fundi Kornelio na Pikapu ya Zahanati

Kornelio Shemzigwa alishuka bondeni akiwa kijana asiye na ndevu, akaajiriwa kwenye shamba la mkonge karibu na Magoma. Walimweka korona, kwenye ile mashine kubwa inayochana majani na kubakiza nyuzi. Kelele za korona humeza kila neno, kwa hiyo watu wa pale walizungumza kwa mikono na kwa macho, na jioni wakirudi kambini waliendelea kupigiana kelele kama bado wako kazini. Kornelio hakulipenda jani la mkonge, lakini mashine aliipenda. Ikikwama, wenzake walikwenda kupumzika. Yeye alibaki akimtazama fundi Salimu akiifungua, mpaka siku moja Salimu akamwambia msimamizi, "Huyu nipe mimi." Ndivyo alivyoingia gereji.

Uhuru ulimkuta huko huko bondeni, tayari ameoa. Mkewe, Secilia, alikuwa mzaliwa wa Rangwi kama yeye, mwembamba, mwenye sauti iliyozidi umbo lake. Miaka michache baadaye bei ya mkonge ikaanguka, watu wakapunguzwa kazi, na Kornelio akapanda tena milimani na sanduku la spana begani, Secilia nyuma yake na mtoto wao Anselm mgongoni.

Rangwi walimpokea vizuri. Kilipoanzishwa kijiji cha ujamaa walimpa banda chini ya miti ya miwati, karibu na mashine ya kusaga, naye akawa fundi wa kila kitu: mashine yenyewe, pampu ya misheni, lori la ushirika lililokuja kuchukua kabichi na plamu. Hakuwa msemaji. Aliweka kiganja juu ya injini, akainamisha kichwa, akakaa hivyo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mara nyingine aling'ata mpini wa bisibisi na kugusisha ncha yake kwenye chuma. Watu waliona ni mbinu alizofundishwa na Salimu, na kweli alifundishwa na Salimu, lakini sababu ya kuzitumia ilikuwa nyingine. Ile miaka ya korona ilikuwa imeondoka na masikio yake. Hayakuondoka kwa siku moja. Kwanza waliondoka ndege, halafu maneno ya watoto, halafu kengele ya kanisa ikawa inamfikia kama inapigwa ng'ambo ya bonde.

Secilia aliimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya parokia. Jumapili moja, walipokuwa wakirudi nyumbani, Kornelio alimsifu.

"Leo ule wimbo wa mwisho mmeuimba vizuri sana."

Siku ile wimbo wa mwisho haukuimbwa. Mwalimu wao alikuwa amepiga kinanda peke yake, kwaya imesimama kimya. Secilia alimtazama mumewe, akaona jinsi alivyokuwa akitabasamu, akasema, "Asante, Baba Anselm." Lakini tangu siku hiyo hakumsemesha tena akiwa nyuma yake. Alizunguka kwanza, akasimama mbele ya uso wake. Watoto aliwafundisha kumgusa baba bega kabla ya kumwita. Jikoni alikaa upande ambao mwanga wa mlango ungemwangukia midomoni. Kornelio alidhani anaificha siri yake vizuri, na Secilia alimwacha adhani hivyo.

Magari ya kawaida hayakumshinda. Fimbo ya gia ilimletea habari zote mkononi: inapokataa kuingia, inapotetemeka, inaposaga meno. Kisha ikaja pikapu ya zahanati.

Ilikuwa gari la Kimarekani, rangi ya maziwa, usukani wake uko kushoto. Padre mmoja aliyekuwa akirudi kwao aliiacha kwa ajili ya wagonjwa wa kupelekwa hospitali ya Lushoto. Gia zake zilikuwa otomatiki. Haikuwa na klachi wala fimbo sakafuni, ila kijiti kidogo kando ya usukani. Ukikivuta mara moja, gari linabadilisha gia lenyewe mpaka ufike. Dereva wake, Ramadhani, kijana wa bondeni aliyewahi kuendesha magari ya mashamba ya chai, aliiendesha kwa mkono mmoja na kujisikia mfalme. Sista Dorothea, muuguzi wa zahanati, alikaa kando yake na rozari mkononi.

Baada ya mvua za masika Ramadhani akaileta bandani.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Ina nini?"

Ramadhani alieleza huku akizungukazunguka, mara anatazama matairi, mara anainama, na Kornelio akapata nusu ya maneno. Gari linachelewa kubadilisha gia. Likibadilisha, linapiga teke. Ukiliweka kwenye gia linasita kabla ya kuondoka. Na mafuta ya giaboksi yanapungua, lakini chini halivuji hata tone.

Kornelio alikuwa ameona giaboksi ya namna hiyo bondeni, kwenye gari la meneja wa shamba. Alijua kwamba mafuta yake hupimwa injini ikiwa inawaka na imeshapata moto, siyo asubuhi gari likiwa baridi. Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Mafuta yalikuwa yamegusa ncha tu. Akayasugua katikati ya vidole, akayanusa. Yalikuwa bado mekundu, hayanuki kuungua, hayana unga mweusi. Akafurahi: sahani za ndani zilikuwa bado hazijaungua. Akajaza mafuta, akakaza boliti za karai la chini, akarekebisha kifimbo kinachounganisha kijiti cha usukani na giaboksi. Kisha akaiendesha mpaka njia panda na kurudi. Kiti hakikutetemeka. Teke alilisikia mgongoni, dogo tu, akasema moyoni litakwisha mafuta yakizunguka.

"Imepona," akamwambia Ramadhani.

Haikupona. Wiki hiyo hiyo alipakiwa Paskalina, mke wa mkulima mmoja wa Rangwi, uchungu wake umekuwa mgumu na Sista ameona apelekwe Lushoto. Kwenye kilima cha kuelekea Magamba injini ikaunguruma kwa nguvu zake zote na gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma. Ramadhani alikanyaga breki, akapiga honi. Watu wa kazi za msitu walitoka miongoni mwa miti, wakambeba Paskalina kwenye machela ya miti na mablanketi mpaka nyumba za wafanyakazi. Huko Sista Dorothea akamzalisha usiku, ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Mtoto alitoka wa bluu, akachelewa kulia, kisha akalia. Wote wawili walikuwa salama.

Habari zilipofika, Kornelio alikuwa amelala chini ya lori la ushirika. Alitoka, akasikiliza kwa macho midomo ya aliyemsimulia, akaosha mikono. Jioni Secilia akamkuta amezipanga spana zote sandukuni na kufunga kamba juu yake.

"Unasafiri?"

"Nitamrudishia mwenyekiti funguo za banda," alisema. "Nikalime. Jembe halidanganyi mtu."

Secilia alikaa mbele yake kwenye kigoda. Makande yalikuwa yanachemka jikoni. Aliongea Kishambaa, lugha yao ya ndani, polepole.

"Ulipoijaribu ile pikapu, ulisikia nini?"

Kornelio alikaza fundo la kamba.

"Baba Anselm. Injini ilikuwa inasemaje?"

"Sikusikia kitu," alisema mwishowe. "Sijasikia kitu siku nyingi. Gia ya fimbo naikamata kwa mkono. Ile haina mahali pa kushika. Inabadilika yenyewe huko ndani, na mtu mwenye masikio anajua imebadilika kwa sababu sauti inashuka. Mimi niliona tu miti inapita. Nikasema imepona. Na yule mama angeweza..."

Secilia alimshika mikono yote miwili.

"Najua kuhusu masikio," alisema. "Najua tangu ile Jumapili uliponisifu kwa wimbo ambao hatukuimba."

Aibu ilimpanda Kornelio usoni, kisha ikaanza kumtoka, kidogo kidogo, mpaka akacheka kicheko kibovu kilichochanganyika na machozi.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unatabasamu. Ningeanzia wapi?" Akafungua kamba ya sanduku. "Kesho twende wote. Wewe shika usukani. Mimi nitasikiliza."

Asubuhi walikwenda misheni, lilikokuwa limevutwa gari. Sista Dorothea alikuwa anaanika vitambaa.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista," Kornelio akaanza.

"Milele amina. Karibuni."

Kornelio alikuwa amejiandalia maneno mengi njiani, lakini yalimkimbia. "Sista, nilisema gari limepona na halikupona. Masikio yangu hayafanyi kazi. Naomba nilijaribu tena, na mke wangu awepo. Yeye ndiye atakayesikia."

Sista alikuwa na haki ya kukasirika, na alikuwa amekasirika. Usiku ule wa Magamba haukuwa umemtoka bado. Aliwatazama wote wawili. Kisha akaweka kitambaa alichoshika.

"Mama Secilia, unajua magari?"

"Hapana, Sista. Najua sauti inayopanda na inayoshuka."

"Basi nendeni. Ramadhani akae nyuma, mkikwama asukume."

Walijaza mafuta tena, wakaondoka. Kwenye tambarare fupi ya mbele ya shule Kornelio alimweleza mkewe kazi yake. Sauti ya injini ikipanda, aupandishe mkono. Ikishuka ghafla, aushushe. Asimweleze kwa maneno, maana hawezi kutazama barabara na midomo yake pamoja. Mkono ataupata kwa pembe ya jicho.

Akakanyaga. Mkono wa Secilia ukaanza kupanda kutoka magotini. Ukapita kifua, ukapita kidevu, ukaenda mpaka vidole vikagusa paa la gari, na bado uso wake ulikuwa unaonyesha kwamba hakuna nafasi tena na sauti inazidi. Ndipo teke likaja, wote wawili wakarushwa mbele, na mkono ukaanguka.

"Inachelewa," Kornelio alisema. "Inachelewa sana. Tena."

Walirudia. Mkono uligusa paa kila mara. Kisha wakaingia kwenye mwinuko wenyewe, na hapo mafuta mapya yalisaidia: gari lilipanda, linanguruma lakini linapanda. Kornelio alitazama mshale wa mwendo na mkono wa mkewe kwa zamu. Vilipanda pamoja. Kwa hiyo sahani za ndani zilikuwa zinashika. Siku ile ya Paskalina ziliteleza kwa njaa ya mafuta tu. Tatizo likabaki lile lile: mafuta yanakwenda wapi?

Waligeuza juu na kuanza kushuka. Kornelio aliondoa mguu kwenye mafuta, akaliacha gari lijishikilie. Ghafla Secilia akageuka kutazama nyuma, akafunika pua kwa khanga. Alimgusa bega, akangoja asimamishe gari, ndipo akasema mbele ya uso wake.

"Moshi mweupe. Mwingi. Ramadhani haonekani kule nyuma."

Ramadhani alishuka, akaja dirishani kwa Kornelio huku anakohoa. "Hufanya hivyo kila tukishuka, fundi. Nilikuambia siku ile."

"Tukishuka," Kornelio alirudia. "Siyo tukipanda?"

"Tukipanda ni kidogo. Tukishuka ndiyo balaa."

Kornelio alizima gari, akakaa na mikono juu ya usukani. Secilia alimwona akifumba macho, akajua asimguse. Injini hunyonya hewa, na inanyonya kwa nguvu kuliko wakati wote pale dereva anapoondoa mguu na gari linateremka. Kama moshi unakuja wakati huo, basi kuna kitu inakinywa wakati huo. Na kitu kinachopungua bila kumwagika ni kimoja.

Alishuka, akatandika gunia, akaingia chini. Ubavuni mwa giaboksi kulikuwa na kikopo kidogo cha chuma, ukubwa wa kopo la dawa ya viatu, na kutoka kwenye kikopo hicho paipu nyembamba ya mpira ilipanda hadi kwenye injini. Akaichomoa paipu. Ilitakiwa iwe kavu kabisa, maana hupita hewa tu. Tone jekundu likamdondokea kwenye paji la uso, kisha jingine.

Kule chini ya gari alianza kucheka. Ramadhani alidhani ameumia. Secilia alichuchumaa na kuchungulia, akamwona mumewe amelala chali, uso una matone mekundu, anacheka kama mtoto.

"Mama Anselm, injini inakunywa mafuta ya giaboksi!"

Alipotoka aliwaeleza, akichora kwa kidole kwenye vumbi la boneti. Ndani ya kikopo kuna kiwambo chembamba. Upande mmoja wa kiwambo ni mafuta ya giaboksi, upande wa pili ni ile paipu. Mnyonyo wa injini unapovuta kiwambo, giaboksi inajua mzigo ni mwepesi na inabadilisha gia mapema na kwa upole. Mnyonyo ukipungua, inajua kuna mlima, inangoja. Sasa kiwambo kimetoboka. Giaboksi haipati habari tena. Inadhani kila mahali ni mlima, ndiyo maana inachelewa na kupiga teke. Na kupitia tundu lile lile injini inayanyonya mafuta na kuyachoma, ndiyo maana moshi, na ndiyo maana chini hakuna tone.

"Kwa hiyo yote ni ugonjwa mmoja," Ramadhani alisema.

"Mmoja. Na siku ile ulinieleza wote, ila mimi nilikuwa natazama midomo na wewe unatazama matairi." Kisha Kornelio akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mtu yeyote isipokuwa mkewe na Sista. "Mimi sisikii, Ramadhani. Ukiwa na neno, njoo mbele yangu."

Ramadhani alisogea hatua moja mpaka akawa mbele yake kabisa, akasema kwa sauti ya kawaida, "Sawa, mzee. Nimekuelewa."

Kikopo kipya hakikupatikana Lushoto wala Tanga. Kornelio alichonga vizibo viwili vya mti wa mwati, akaziba paipu upande wa injini na mdomo wa kikopo, akafunga kwa waya. Mafuta hayakupungua tena, moshi ukakoma. Gari liliendelea kuchelewa kubadilisha gia na kupiga teke lake, lakini kwenye milima ile lilipanda na halikurudi nyuma. Sista alizoea teke. Aliweka mto kwenye kiti, akasema wagonjwa wa tumbo wakae upande wa dirishani.

Kijijini habari za masikio zilienea, kama zinavyoenea habari zote Rangwi. Kornelio alisubiri watu waache kuja bandani. Walichofanya ni kubadilisha tabia zao kidogo. Walikuja, wakazunguka mpaka mbele yake, wakamsalimu. Gari likiwa na ugonjwa wa sauti, mtu alitumwa shambani kumwita Secilia, naye alikuja na jembe lake, akasikiliza, akapandisha mkono au akautikisa au akaukunja ngumi, kwa maana walikuwa wameshatunga ishara nyingi: mluzi, mkwaruzo, mgongano, kikohozi. Nyingine Kornelio alizitoa korona. Wanakwaya walimtania Secilia kwamba sasa anaimbia malori.

Kikopo kipya kilikuja mwaka uliofuata, kwenye begi la daktari mgeni aliyepita misheni. Kornelio alikifunga mwenyewe, akaweka paipu mpya, akajaza mafuta. Sista akasema kuijaribu kwenye kona za Rangwi hakutoshi, waende bondeni kwenye barabara iliyonyooka. Kwa hiyo siku moja ya kiangazi Kornelio na Secilia walishuka na Ramadhani, wakapita Lushoto, wakapita Soni, joto likawapokea Mombo. Secilia alivua sweta.

Penye barabara nyoofu Kornelio alichukua usukani. Secilia akaweka mkono magotini, tayari. Gari likaondoka. Mkono ukapanda mpaka kifuani, ukatulia pale. Mikonge ilipita, nguzo za simu zikapita, mwendo ukaongezeka, na mkono haukupanda wala kuanguka. Kornelio alimtupia jicho. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, anatafuta. Akasogeza gari pembeni, akalisimamisha.

"Vipi? Imebadilisha?"

Secilia alimgeukia, mshangao umemjaa usoni.

"Sijui," alisema. "Nimesikiliza sana. Kama imebadilisha, basi imepita bila kuniambia."

Kornelio alipiga usukani kwa viganja vyote viwili. "Sasa tuko sawa wewe na mimi!" alipaza sauti, kubwa kupita kiasi kama watu wa korona, na wauza machungwa wa ng'ambo ya barabara wakageuka kutazama. Ramadhani, kule nyuma, alikuwa ameshaanza kuruka chini kwenda kununua. Walikula machungwa wamekaa kwenye ukingo wa pikapu, miguu inaning'inia. Secilia akamenya la mumewe na kumpa pande kwa pande, na milima yao imekaa juu yao, kichwani ina wingu.